Vibendera vya Mwanahija

Ukiwauliza waliokuwapo Xiaobei, mtaa wa Waafrika kule Uchina, miaka ile ya elfu mbili na nne, na tano, wanakumbuka nini kwanza, wengi watakwambia mlio wa mkanda wa kufungia mizigo. Krrraa, krrraa, tangu asubuhi, kwenye korido, kwenye lifti, mpaka ngazini. Mtanzania huyu anafunga viatu, Mkongo yule anafunga jinzi za soko la Shahe, Mkenya amekalia gunia anagombana na wakala wa kago kwenye simu. Mji wa Guangzhou ulikuwa unajengwa kama unakimbizwa. Ukienda nyumbani mwezi mmoja, ukirudi unakuta ghorofa limesimama pale ulipokuwa ukinunulia machungwa. Kila mtu alikuwa na haraka zake. Ndiyo maana habari za Mwanahija Kombo zilikuwa zikichekesha watu, maana katika mji ule wa haraka yeye alikuwa na shughuli ya Jumapili ambayo kubwa lake lilikuwa kukaa kitako na kungoja upepo.

Mwanahija alikuwa mtu wa Wete, Pemba, aliyekulia Dar es Salaam, Magomeni. Alikuja Uchina mwaka 2003 akiwa na miaka thelathini na saba, kazi yake kuwachagulia vitambaa wenye maduka wa Kariakoo. Siku sita za wiki alikuwa Zhongda, soko la vitambaa ambalo ukiingia bila mwenyeji unaweza kutokea upande wa pili jua limeshazama. Alikuwa mwanamke wa mwili, mwenye sauti ya kuuzia, na baibui lake halikukosa uzi uliong'ang'ania mahali. Sifa yake kubwa ilikuwa vidole. Mpe kitambaa gizani, atakisugua mara moja na kukwambia hiki pamba, hiki poliesta, hiki hariri ya uongo. Wafanyabiashara wengine wote, hata Wachina wenyewe, walikuwa na desturi ya kuchomoa uzi na kuuchoma kwa kiberiti: poliesta huyeyuka ikaacha kidonge kigumu, viskosi, nguo ya nyuzi za mti, huungua kama karatasi. Mwanahija hakuwa akichoma. Aliona ni kazi ya wasiojua.

Kwenye bunduki aliingizwa na muuzaji wake, Liang, ambaye sote tulimwita Liang Laoban kama soko zima lilivyowaita matajiri wake. Mwaka 2005 Liang alipata oda kubwa, akafurahi, akawachukua wateja wake wanne kwa gari lake la mizigo kwenda kwenye klabu yake ya shabaha, nje ya mji kwa upande wa kaskazini, kwenye bonde lenye mianzi pembeni. Walidhani wanakwenda kula. Wakakuta meza za saruji, na juu ya kila meza bunduki ndogo imelala kwenye mifuko ya mchanga, imefungwa mnyororo mezani isije ikaondoka na mtu.

Huo mchezo ni wa kukaa. Bunduki inalala, wewe unakaa kwenye kigoda nyuma yake, bega linaigusa kidogo tu. Mbele yako, hatua kama sitini na tano, kuna kadi yenye maduara ishirini na tano madogo, na kila duara linataka risasi moja. Ukiingia katikati kabisa unapata kumi. Abass, mfanyabiashara wa Tandika aliyekuwa na mdomo kuliko mzigo, alipoona vile akacheka hadi akakohoa.

"Hii bunduki ya wagonjwa hii! Mwanangu wa darasa la kwanza anapiga!"

Akakaa, akapiga, na kati ya risasi tano, tatu hazikuonekana hata kwenye karatasi. Mwanahija alikaa kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma. Alipiga tano, nne zikaingia mahali pamoja, shimo moja limekula jingine. Kisha akaja mzee mmoja mwembamba, amevaa koti la kazi, akaitazama kadi, akamtazama Mwanahija, akasema neno kwa Kichina.

Aliyetafsiri alikuwa Nahla, binti wa Unguja aliyekuwa akisomea udaktari pale Guangzhou kwa ufadhili, mwisho wa wiki akiwakalimania wafanyabiashara. "Da Hija, huyu ndiye mwalimu, Kuang Shifu. Anasema mkono wako umetulia. Anasema sasa jifunze kutazama huku katikati, usitazame kule mwisho tu."

"Katikati kuna nini?"

Nahla akauliza. Mzee akaonyesha kwa kidevu. Kati ya meza na kadi vilisimama vijiti, na kila kijiti kilifungwa ukanda wa mfuko wa plastiki uliochanwa. Ukanda mmoja ulikuwa umelala, wa pili unacheza kushoto, wa tatu unapepea kulia.

Hapo ndipo Mwanahija alipokamatwa. Hakujali bunduki, na mpaka leo ukimwuliza ilikuwa ya aina gani hakwambii. Alichokipenda ni kwamba kuna mchezo duniani ambao mtu anakaa kutazama nguo inavyopepea na kuambiwa hiyo ndiyo akili yenyewe. Kuang Shifu alimfundisha miaka karibu mitatu, Jumapili kwa Jumapili. Upepo wa kushoto unaisogeza risasi kulia upana wa punje ya choroko. Upepo unaoanza si sawa na upepo unaokwisha. Kijiti cha karibu na meza kinakudhuru zaidi kuliko cha mbali, kwa sababu risasi ikipotezwa mapema inazidi kupotea kila inavyokwenda. Mwanafunzi akiwa na papara mzee hakumgombeza. Alimwekea mkono juu ya sanduku la risasi, akauacha hapo mpaka mtu apoe. Risasi zenyewe zilihesabiwa. Sitini kwa mtu kwa siku: hamsini za kadi mbili na kumi za kujaribia upepo. Mlinzi alikukabidhi kwa idadi na kuyapokea maganda kwa idadi.

Mwanahija alizoea kubeba chupa ya chai ya tangawizi na chapati zake kwenye foili, kwa kuwa chakula cha pale hakikuwa na uhalali wa kueleweka. Wachina wakaizoea ile chai. Ikafika mahali akichelewa, Liang anapiga simu na kuuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Rafiki, wapi chai?" Yeye mwenyewe husema kwamba hajapata kucheka duniani kama alivyocheka kwenye lile gari la mizigo, amebanwa baina ya majora ya vitambaa, Nahla anatafsiri utani ambao nusu yake haukutafsirika.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkereketa, na bora niliseme wazi. Ukutani mwa klabu kulikuwa na ubao, na kwenye ubao majina ya washindi wa kombe la kila Machi. Majina yote ya Kichina. Mwaka 2006 Mwanahija alikuwa wa tano, mwaka 2007 wa tatu. Alilitaka jina lake pale kwa roho yake yote. Mji mzima ule, baada ya miaka mitano, hakuna aliyemjua kwa jina. Sokoni alikuwa pengyou, rafiki, kama wateja wengine elfu. Uhamiaji alikuwa namba ya pasi. Kwenye kontena alikuwa alama ya wino mwekundu ubavuni mwa bunda. Alijua siku moja ataondoka, na alitaka pawe na mahali hata pamoja pa kuonyesha kwamba alikuwapo. Nahla alimchorea jina lake kwa herufi za Kichina kwenye kipande cha karatasi, akawa anakitembeza kwenye pochi.

Desemba ya 2007 akaona zile kanda za plastiki zimechoka. Akasema, aibu gani hii, klabu ina wauza vitambaa wawili na bendera zake mifuko ya sokoni? Akaenda Zhongda kwa Liang mwenyewe, kwenye rundo la mabaki ya mwisho wa majora, akachambua mpaka akapata kipande chekundu chepesi, kinateleza mkononi, ukikipuliza kinainuka.

"Hii poliesta tupu," akasema.

Liang alikuwa na wateja wengine. Akamrushia kiberiti cha gesi. "Choma uzi, rafiki."

"Vidole hivi vimeshika nguo miaka ishirini, Laoban. Nichome nini?"

Akamrudishia kiberiti chake. Wiki ile akakaa na cherehani chumbani kwake Xiaobei, akakata na kupinda vibendera ishirini na vinne, kila kimoja na ncha mbili, mshono mwembamba usioongeza uzito. Jumapili alipovipeleka, Kuang Shifu alivichomeka kimoja kimoja kwa mkono wake. Majira yale ya baridi hewa ilikuwa kavu, na vile vibendera viliogelea. Upepo wa kupuliza mshumaa tu, vinakwambia. Wanachama wakasema tangu klabu ianze hawajapata kuuona upepo namna ile, na Mwanahija akavimba kichwa, haki yake.

Mwezi wa pili likaja tangazo. Kwa sababu ya michezo mikubwa ya Agosti kule Beijing, klabu imeamua kwamba kuanzia Aprili wageni hawatashika bunduki. Na Xiaobei nako minong'ono ilikuwa imeshaanza kuhusu viza, nani kaongezewa na nani kanyimwa. Mwanahija akapiga hesabu zake: kombe la Machi lilikuwa la mwisho kwake. Baada ya hapo hakuna mwakani.

Jumapili ya kombe iliangukia zile siku ambazo Guangzhou nzima inatoka jasho. Anayezijua hahitaji kuelezwa. Hewa ya joto inapanda kutoka baharini, inakuta nyumba zimepoa, na kuta zinaanza kutiririka maji. Sakafu inateleza, kitabu kinavimba, nguo uliyoanika juzi leo bado mbichi. Bondeni kulikuwa na ukungu mwepesi. Washindani kumi na mmoja, Mwanahija meza ya nne, Liang meza ya tano. Nahla alikaa nyuma na chupa ya chai, anaomba dua kimoyomoyo.

Maduara sita ya kwanza Mwanahija alipata kumi zote. Vibendera vilikuwa vinatikisika kidogo tu kutoka kushoto, na aliviamini, akasogeza mlengo kadiri vilivyomwambia. Duara la saba risasi ikaenda kulia, nane. Akatulia, akajaribu tena. Duara la nane, kulia vilevile, nane. Akaondoa jicho kwenye darubini ya bunduki akatazama katikati, kama alivyofundishwa.

Mianzi ya pembeni ilikuwa inainama. Haikuinama sana, lakini iliinama. Vibendera vyake vilikuwa vinanyanyuka kivivu na kuanguka. Akakikazia macho cha karibu. Wekundu wake ulikuwa umeiva zaidi ya kawaida. Ncha zake zimejikunja, na pindo limegandia kijiti. Poliesta haigandi hivyo. Poliesta hainywi maji hata ukiiweka mvuani, itayamwaga tu. Kilichokuwa kimening'inia pale kilikuwa kimekunywa ukungu tangu alfajiri na sasa kimekuwa kizito, na upepo ukikisukuma kinaonyesha nusu yake. Ilikuwa viskosi. Hakuhitaji kukishika ili kujua.

Meza ya tano alimwona Liang akitikisa kichwa, akikaza parafujo ya darubini yake bila sababu. Meza ya pili mtu alipiga ulimi. Wote walikuwa wanapotezwa na vibendera vyake, kila mmoja anadhani kosa ni lake. Kikulacho ki nguoni mwako, nao hawakujua wakague nguo.

Kanuni ilikuwa rahisi: mwenye jambo ainue mkono, mwamuzi atasimamisha saa. Mwanahija aliutazama mkono wake wa kushoto juu ya saruji. Haukuinuka.

Akarudi kwenye darubini. Akasema moyoni, kikionyesha moja, upepo ni mbili; kikijaribu kuinua ncha tu, hiyo ni moja. Akasogeza mlengo. Kumi. Akasogeza tena. Kumi. Hajapata kupiga hivyo kabla wala baada. Risasi kumi na saba zilizobaki, kumi na tano zilipiga kumi, mbili tu tisa. Anasema alikuwa anasikia raha na anasikia vibaya kwa wakati mmoja, na kwamba raha ilikuwa kubwa zaidi, asidanganye mtu.

Kadi zikaletwa. Mwanahija mia mbili arobaini na nne. Anayemfuata, Liang, mia mbili thelathini na sita. Wengine chini huko. Nahla akaruka akamkumbatia, ushungi ukamwendea upande.

"Da Hija! Pointi nane! Bado kadi moja tu, nane hawazipati kwa lolote!"

"Nimeona, mwanangu. Nimeona."

Yakafika mapumziko, dakika thelathini. Watu wakanywa chai na kulalamika. Mmoja akalaumu risasi, kwamba boksi ni la zamani. Liang akailaumu bunduki yake kwa matusi ya sokoni. Lakini Kuang Shifu hakunywa chai. Aliingia uwanjani peke yake na viatu vyake vya kitambaa, kwenye tope, akawa anainama kwenye kila kijiti, anakigusa, anakinyoosha. Aliporudi alisimama mbele ya wanachama akasema maneno machache, kichwa chini.

"Anasemaje?" Mwanahija akauliza.

"Anaomba radhi," Nahla akasema, sauti imeshuka. "Anasema labda amevichomeka vibaya leo. Anasema macho yake siku hizi si mazuri, na kama amewaharibia kombe wamsamehe, mwakani wamtafute mwalimu mwingine."

Hapo Mwanahija alishindwa. Angeweza kumstahimili Liang na matusi yake, angewastahimili wote kumi. Mzee yule na matope yake hakumweza. Akatembea mpaka kijiti cha karibu, akachomoa uzi mmoja kwenye pindo, akarudi, akamnyooshea Liang kiganja.

"Laoban, kiberiti."

Liang akampa bila kuuliza. Uzi ukashika moto, ukaungua haraka, moshi wake ukanuka karatasi. Hakikubaki kidonge, ilibaki majivu laini. Liang, muuza vitambaa tangu ujana wake, aliyatazama yale majivu, akageuka kuvitazama vibendera, na uso wake ukabadilika.

"Nahla," Mwanahija akasema, "waambie mzee hana kosa. Waambie hiki kitambaa ni viskosi, kinakunywa maji. Leo vibendera vyote vinadanganya, vinaonyesha nusu ya upepo. Nimekinunua mimi, nimekishona mimi, na sikukichoma. Na waambie kadi yangu waitupe."

"Da Hija." Nahla alimshika mkono. "Una hakika? Hawajakuuliza. Hakuna anayejua."

"Sema, mwanangu."

Nahla akasema. Pakawa na zogo la Kikantoni. Risasi za ziada hazikuwapo, mlinzi alishatoa hesabu yake, kwa hiyo kurudia kadi ya kwanza hakukuwezekana. Wakakubaliana kadi ya kwanza ifutwe kwa wote na kombe liamuliwe na ya pili. Katika zogo lile Liang alimwuliza jambo moja, kwa utaratibu, na hakuwa na haja ya mkalimani.

"Rafiki. Wewe jua lini?"

"Sasa hivi," Mwanahija akajibu. "Nilipouchoma."

Liang akatikisa kichwa kukubali, akamtafsiria mzee. Kuang Shifu akavua kofia yake, akainama mbele ya Mwanahija, mzee wa miaka sabini na nywele zimebaki za kuhesabu, na wote kumi wakapiga makofi. Mwanahija alitazama chini. Walidhani ana haya.

Wakang'oa vile vyekundu. Wakachana mifuko ya plastiki waliyobebea chakula, wakafunga kanda vijitini kama zamani. Kadi ya pili Mwanahija alipiga vizuri, sijui kwa nguvu gani. Alipobakiza duara moja alihitaji kumi ili alingane na Liang, ambaye alishamaliza na amekaa anavuta sigara huku kamgeuzia mgongo asimsumbue. Zilibaki dakika tatu. Alingoja upepo ufe, ukafa, akapiga, na kabla risasi haijafika upepo wa mbele ukainuka tena. Tisa. Liang mia mbili arobaini na mbili, yeye mia mbili arobaini na moja.

Aliposhikana mikono na Liang alimpongeza kwa dhati. Kwa ubao ule roho ilimuuma, akalia garini wakati wa kurudi, na Nahla akalia naye. Kuang Shifu alikuwa amemshika mkono kwa mikono yake miwili mpaka gari lilipoanza kuondoka. Mwezi wa sita viza ikagoma, kama ilivyowagomea wengi mwaka ule, akafunga chumba chake cha Xiaobei akarudi Dar.

Akafungua duka la vitambaa Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, na anaendelea vizuri, sina la kumsikitikia. Ila ana ugonjwa wa watu wote waliopita kule miaka ile: ukikaa naye dakika kumi, ya saba yuko Guangzhou. Atakuhadithia Zhongda asubuhi, milango ya chuma inapandishwa pamoja mtaa mzima. Atakuhadithia mama wa Kihui, Mchina Mwislamu mwenye mkahawa, aliyekuwa akiwawekea pilipili pembeni bila kuulizwa, na chapati zilizokuwa zikipoa ndani ya gari la Liang. Anasema kule ndiko alikokuwa hai kwa kila kiungo, na kwamba hakujua, alidhani yuko kazini tu. Siku za kiangazi, feni ikipuliza vitambaa vilivyotundikwa dukani, utamwona amekodoa jicho, anapima upepo. Wateja wa kawaida wamezoea, wanamngoja amalize.

Mwaka 2016 Nahla, sasa daktari hapa mjini na mama wa watoto wawili, alikuwa dukani akichagua pazia simu ya Mwanahija ilipolia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Liang, kwa Kichina cha haraka chenye kwikwi. Mwanahija alishika nusu. Akampa Nahla simu.

Nahla akausikiliza wote, akaketi juu ya jora. "Kuang Shifu amefariki, Da Hija. Ijumaa iliyopita."

"Innalillahi."

"Liang anasema mzee alifundisha mpaka mwaka jana. Anasema kila mwanafunzi mpya, siku ya kwanza, kabla hajamkabidhi risasi, alikuwa anamsimulia habari za dada wa Kiafrika. Kwamba alikuwa na kombe mkononi, na dakika ileile aliyojua kuwa upepo umedanganya, akasema, bila kuulizwa na mtu. Alikuwa anawaambia kupiga watajifunza, lakini lile hawezi kumfundisha mtu." Nahla akafuta machozi kwa ncha ya ushungi. "Miaka minane, Da Hija. Unaona? Jina lako halikukaa kwenye ubao, lakini unaona lilipokaa."

Mwanahija alikuwa amesimama na futi ya kupimia mkononi. Akaiweka mezani.

"Nilijua tangu duara la nane, Nahla."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni viskosi. Nilikiona kimejikunja kwenye kijiti. Nikapiga kumi na saba nikijua."

Mteja aliingia akauliza bei ya satini, hakuna aliyemjibu, akatoka. Nahla alikuwa bado ameshika simu.

"Lakini ulisema, Da Hija. Mwisho wa yote si ulisema?"

"Nilisema nilipomaliza kupiga. Na Liang aliponiuliza nimejua lini, nikamwambia sasa hivi, mzee anasikia, akanivulia kofia." Alikaa kwenye kigoda nyuma ya meza. "Kila mwaka nilikuwa nasema, nikipata safari nitakwenda nimwambie. Mara mzigo, mara viza, mara mtoto anaoa."

"Tumwambie Liang basi. Nitakutafsiria sasa hivi."

"Liang hakuvua kofia," Mwanahija akasema, akaanza kulia.